Laptopu Ilikuwa Inaongea, Mimi Ndio Sikusikia

Wasee, leo nawapea historia, lakini lazima nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwezi wa tatu laptopu yangu ilikataa kuwaka. Hii ndiyo mashine ninayohariria video zote mnazoona hapa. Ikilala, mimi nalala njaa. Nabonyeza swichi, feni inazunguka, skrini ni giza tupu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinafanya vituko: taa ndogo kwenye kibodi. Inawaka mara tatu, inatulia, inawaka mara tatu tena. Mimi nikaona hiyo ni mashine inakata roho tu.

Nikaipeleka duka moja tao. Jamaa akaiwasha, akaizima, hata hakuifungua. "Bodi kuu imeenda, boss. Andaa 28,000." Sikuwa na hata robo ya hiyo pesa. Wale mnanijua mnajua niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, na kwetu bado kuna watu wananiangalia na lile jicho la "si tulikuambia." Nikatoka hapo nikipiga hesabu ya kuuza kamera.

Kesho yake binamu yangu akanielekeza kwa mzee mmoja Luthuli Avenue, juu huko mwisho wa ngazi, kibanda cha watu wawili wakivuta pumzi kwa zamu.

"Habari, mzee."

"Mzuri, kijana. Imefanya nini?"

"Imekufa."

"Sijauliza kama imekufa. Nimeuliza imefanya nini."

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimekaa na hiyo shida siku tatu na sikuwa nimeiangalia vizuri hata mara moja. Mzee akaiwasha, akahesabu ile taa kwa kidole, akasema ni RAM. Akafungua mgongo, akatoa kijiti cha RAM, akasugua meno yake ya dhahabu na raba ya penseli, ile ya darasa la nne, akakirudisha mpaka kikakaa sawa. Ikawaka. Shilingi 500.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema kompyuta za zamani zilikuwa zinapiga mlio, hii inatumia taa, lakini lugha ni ile ile. Yeye alianza kazi kwenye saiba, enzi za mlio. "Mashine inaongea," akaniambia. "Nyinyi ndio hamsikizi."

Hiyo kitu ilinikalia kichwani. Nikarudi kejani nikaanza kusoma. Nani alifunza kompyuta kuongea? Na sisi tuliacha kusikiza lini? Hii ndiyo stori niliyopata.

UNANUNUA, UNAJENGA

Januari 1975, jarida moja la Marekani linaitwa Popular Electronics lilitoka na picha ya sanduku la chuma kwenye jalada. Jina lake Altair 8800. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Albuquerque, New Mexico, inaitwa MITS, ya mtu anaitwa Ed Roberts. Bei ilikuwa chini ya dola 400, ukikubali kuiunganisha mwenyewe.

Na hapo kwa "mwenyewe" ndipo penye maneno. Unaletewa vipuri. Kulehemu ni wewe. Ukimaliza, hakuna skrini, hakuna kibodi. Kuna swichi mbele na taa nyekundu. Programu unaiingiza kwa kupandisha na kushusha swichi moja moja, na jibu unalisoma kwenye taa. Memori ya kuanzia ilikuwa baiti 256. Aya hii unayosoma sasa haingetoshea humo. MITS walitarajia oda za mamia. Zikaja maelfu.

Sasa jiweke hapo. Umemaliza kulehemu saa nane usiku, unawasha, kimya. Shida ni nini? Inaweza kuwa tone la lehemu limegusa pasipofaa. Inaweza kuwa chipu imetoka kiwandani ikiwa mbovu. Inaweza kuwa swichi moja uliiweka chini badala ya juu katikati ya programu. Fundi wa kumpelekea hayuko. Wewe ndiye fundi, kwa sababu hakuna mtu mtaani kwenu amewahi hata kuona hicho kitu.

Ndiyo maana watu wakatafutana. Machi 1975, watu walikutana kwenye gereji ya jamaa anaitwa Gordon French, huko Menlo Park, California. Kikundi hicho kikaja kuitwa Homebrew Computer Club. Wengi hukitaja kwa sababu Steve Wozniak alikuwa humo kabla ya kuanzisha Apple na Steve Jobs. Mimi kilichonivutia ni kwamba watu walikuwa wanaenda na michoro, na vipuri, na maswali, na hakuna mtu alikuwa anaona haya kusema yake imegoma.

Mmoja wao, Steve Dompier, aligundua kwamba Altair yake ikiwa kazini, redio iliyo karibu inapiga kelele. Mimi na wewe tungehamisha redio. Yeye akaandika programu ya kupanga hizo kelele ziwe nota, akabeba mashine na redio mpaka kwa klabu, na Altair ikapiga wimbo wa Beatles. Kasoro akaigeuza kinanda.

Kuna kasoro nyingine ya Altair yenye athari kubwa zaidi. Kadi za memori za MITS za 4K zilisumbua watu vibaya sana. Wakati huo huo, MITS ilikuwa inauza lugha ya BASIC iliyoandikwa na Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff. Ukinunua pamoja na kadi zao, BASIC ni bei nafuu. Ukiitaka peke yake, bei inapaa. Watu wakakataa kulipia kadi mbovu ili wapate programu nzuri, wakaanza kunakiliana BASIC. Februari 1976 Gates akaandika barua ya wazi kwa wapenda kompyuta, akiwaambia wengi wao wanaiba. Yaani ule ugomvi wa kunakili programu ambao haujaisha mpaka leo, mojawapo ya mizizi yake ni kadi iliyokataa kufanya kazi.

IINUE, UIANGUSHE

1980, Apple wakatoa Apple III, mashine ya maofisini, bei zaidi ya dola 4,000. Steve Jobs hakutaka feni ndani, kwa sababu feni ina kelele. Sawa. Lakini joto halijali unapenda nini.

Chipu zake zilikaa kwenye soketi. Mashine ikipata joto, vyuma vinapanuka. Ikipoa, vinasinyaa. Rudia hiyo kila siku na chipu inaanza kupanda pole pole, kama jino la mtoto. Mwisho haigusi soketi vizuri, na kompyuta inaanza wazimu. Ushauri uliotoka kwa Apple wenyewe, na sitanii, ulikuwa huu: inua mashine inchi chache juu ya meza, halafu uiachilie. Ikigonga meza, chipu zinarudi mahali pake.

Mwishowe Apple ikabidi ibadilishie wateja mashine 14,000 za kwanza. Jina la Apple III halikupona, na mwaka wa 1984 ikaachwa.

Sasa angalia vizuri. Hiyo ni ndugu ya shida ya laptopu yangu. Kipande hakikugusana na soketi, basi. Zaidi ya miaka 40 imepita na ugonjwa bado uko. Apple walisema gonga, mzee wangu akatumia raba.

MLIO MMOJA MFUPI

Agosti 12, 1981, IBM wakatangaza IBM PC, iliyoundwa na timu yao ya Boca Raton, Florida. Hii ndiyo babu ya kompyuta nyingi ambazo umewahi kugusa.

IBM PC ukiiwasha, haikukimbilia kazi. Ilianza kwa kujikagua: prosesa, memori, kibodi. Yote yakiwa sawa inapiga mlio mmoja mfupi, na hapo unajua iko poa. Yasipokuwa sawa, milio inabadilika au namba inatokea kwenye skrini. Namba za mia moja na kitu ni bodi kuu. Za mia mbili ni memori. Za mia tatu ni kibodi. Ukiona 301, angalia kibodi. Ukiona 201, ni memori, na herufi na tarakimu zilizotangulia hiyo 201 zilikuonyesha ni chipu gani hasa kati ya zote. Nyingi zilikuwa kwenye soketi. Unang'oa moja, unaweka nyingine, unaendelea na maisha.

Hapo pia ndipo ulipotoka utani ambao mafundi wazee hawachoki nao. Mashine nyingi za ukoo huo, ukisahau kuchomeka kibodi, zilikuwa zinakuandikia: kosa la kibodi, bonyeza F1 kuendelea. Nibonyeze na nini sasa?

Lakini kilichonimaliza ni kitabu. IBM walikuwa wanauza kitabu cha kiufundi cha hiyo mashine, na ndani kulikuwa na michoro ya saketi pamoja na maandishi ya BIOS, ile programu inayoamka kwanza kabisa ukiwasha. Imechapwa kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na maelezo pembeni ya nini kinafanya nini. Hebu omba kampuni iliyotengeneza simu yako ikupe hiyo kitu leo.

Msidhani IBM walikuwa na roho ya malaika. Walitaka kampuni zingine zitengeneze kadi na programu, ili mashine yao iuzike. Na BIOS ilikuwa na hakimiliki: soma, lakini usinakili. Compaq ikaandika ya kwake upya bila kunakili, na Novemba 1982 ikatangaza kompyuta iliyoweza kuendesha programu za IBM PC. Wengine wakafuata. Bei ikashuka, na vipuri vya huyu vikaanza kuingia kwa mashine ya yule.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Zile kompyuta za mitumba zilizojaa kwenye saiba za Nairobi miaka ya 2000 zilikuwa vitukuu vya IBM PC. Mzee wa Luthuli alijifunza kazi kwa kutoa diski kwa mashine iliyokufa na kuiweka kwa iliyo hai, bila kuuliza jina la kampuni. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mashine ya 1981 iliachwa wazi kiasi cha watu kuielewa.

SI KWAMBA ILIKUWA MBINGUNI

Sitaki mtoke hapa mkiamini zamani ilikuwa tamu. Ngoja niwaambie kuhusu IRQ.

Kila kifaa kilihitaji laini ya kumgongea prosesa mlango, kumwambia "nina kitu, nisikize." IBM PC ilikuwa na laini 8 tu, na saa, kibodi na diski tayari zimechukua zao. Sasa wewe umenunua kadi ya sauti. Lazima uichagulie laini kwa mkono, kwa kusogeza vijipande vidogo vya plastiki na chuma kwenye kadi. Ukichagua laini ambayo mwingine anatumia, mashine haikuambii kitu. Mfano unaojulikana sana ni wa panya na modemu kuwekwa kwenye milango miwili inayotumia laini moja. Uko katikati ya kuvuta faili kwa simu, unasogeza panya kidogo tu, mawasiliano yanakatika. Mtu angelaumu kampuni ya simu mwezi mzima.

Halafu kulikuwa na ukuta wa 640KB. Prosesa ya hiyo IBM iliweza kuona memori ya megabaiti 1 tu, na sehemu ya juu ilitengewa skrini na mambo ya mfumo. Zikabaki 640KB za programu. Hata mashine zilipokuja kuwa na memori nyingi zaidi, programu nyingi za DOS bado zilibanana humo. Vijana wa miaka ya 1990 waliotaka kucheza gemu walilazimika kufungua faili mbili, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, wakiondoa mstari mmoja mmoja ili nafasi ipatikane. Wengi walijifunza kompyuta hivyo. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Walitaka tu gemu iwake.

Windows 95 ikaja na ahadi: chomeka tu, mashine itajipanga yenyewe. Wachokozi wakaiita "chomeka uombe Mungu." Na Aprili 1998, kwenye maonyesho Chicago, Bill Gates akiwa jukwaani kuonyesha Windows 98, mwenzake akachomeka skana, na skrini ikageuka buluu, ile ya kifo, mbele ya ukumbi mzima. Watu walicheka mpaka Gates mwenyewe akacheka. Lakini pole pole ahadi ilitimia. Leo unachomeka kitu na kinafanya kazi, na hujui IRQ ni nini. Hiyo ni baraka, sitabishana.

BEI YA KUTOJUA

Ila tulilipa kwa kitu kingine. Mashine zilipoanza kujipanga zenyewe, ziliacha pia kutuambia mambo. Leo kitu kikiharibika unapata: "Samahani, kuna tatizo." Tatizo gani? Wapi? Namba iko wapi? Laptopu nyingi mpya RAM imelehemiwa kwenye bodi, betri imebandikwa na gundi. Kitabu chenye michoro hakiuzwi kwako.

Na usipojua, unauziwa chochote. Lile duka la kwanza halikuhitaji kunidanganya kwa ujanja mwingi. Ilitosha tu kwamba sikuwa na swali la kuuliza. Tofauti ya 28,000 na 500 ilikuwa kuhesabu mpaka tatu.

Sasa kuna kitu watu huniambia wakisikia niliacha chuo, wakidhani wananipa moyo: "Usijali, hata Bill Gates aliacha." Manze, nimesoma hiyo stori na siyo hivyo. Mwaka wa 1968, Gates akiwa mvulana wa shule Seattle, shule yake ya kulipia ilikuwa na mashine ya kuunganisha na kompyuta, na akina mama wa wanafunzi ndio waliochangisha pesa zake kwa kuuza vitu vya mitumba. Baadaye kampuni moja ya hapo ikawaruhusu yeye, Paul Allen na wenzao kutumia kompyuta yake bure, kwa sharti moja: watafute makosa kwenye mfumo na kuyaripoti. Walikuwa mpaka wanachakura mapipa ya taka ya hiyo kampuni kutafuta karatasi zilizochapwa msimbo.

Kwa hivyo Gates hakufika alikofika kwa kuacha chuo. Alipoacha Harvard alikuwa na miaka ya kutafuta makosa nyuma yake, kwa mashine ambayo mtu alimfungulia mlango. Mimi niliacha chuo sina hiyo. Na kwa miaka miwili nimekuwa nikijificha nyuma ya jina lake badala ya kukubali kwamba kifaa kinachonilisha sikuwa nakijua hata kidogo.

Habari njema ni kwamba kazi yenyewe haijabadilika tangu Altair. Kwanza sema imefanya nini, siyo imekufa. Hesabu mlio, hesabu taa, piga picha ya maneno kwenye skrini kabla hayajapotea. Pili, anza na kitu rahisi: waya, soketi, kugusana. Zima, toa umeme, kabla ya kugusa ndani. Tatu, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndio uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikawaka, hujajua ni kipi kilikuwa kibaya. Nne, andika. Na vitabu vya huduma vya laptopu nyingi viko mtandaoni. Tafuta cha yako leo, kabla haijagoma.

Mimi siku hizi Jumamosi niko Luthuli kwa mzee. Hanilipi, simlipi. Wiki ya kwanza alinipa kazi moja tu: kila mteja akiingia, nimuulize imefanya nini, niandike jibu kwenye daftari. Watu 11 walikuja siku hiyo. 9 walijibu "imekufa."

Sijarudi chuo, na karo bado haijapatikana. Lakini daftari liko ukurasa wa arobaini.

Haya, niambieni hapo chini: yako ilifanya nini mara ya mwisho? Na ukiandika "ilikufa," nitakuuliza tena.